Mchanga Nilioutia Tumboni mwa Ndege ya Mirihi

Mwaka ule tuliokula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, asubuhi na jioni, kwa sababu mahindi yalikauka yakiwa hayajafika hata kiunoni, ndio mwaka nilioaibika Bariadi mjini mbele ya wakubwa na wadogo, na wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe.

Mjukuu wangu Kabula anasomea uhandisi, akatengeneza kindege, mfano wa ndege ya kurushwa kwenye sayari ya Mirihi (ni mbali kuliko mwezi, msiniulize zaidi). Alinieleza kwamba hewa yetu ikiwa uji, basi ya huko ni maji ya kusuuzia sufuria, kwa hiyo ndege lazima iwe na mapanga marefu kama ya pangaboi na mwili mwepesi. Nikaitikia "ehee, ehee", kumbe namtazama tu alivyopendeza.

Siku ya mashindano ya vindege hivyo, mshindi mmoja tu ndiye angekwenda Dodoma kwenye ya taifa, na Kabula aliitaka nafasi hiyo mpaka chakula kikamshinda. Akasema, "Bibi, nishikie, naenda chooni." Nikaishika. Nyepesi kama kuku mgonjwa! Kuinua macho, mezani kwa waamuzi naona nini? Mzani. Sasa mzani mimi naujua, nimelima pamba Nkoma tangu sijaolewa, na sisi wa pamba (tusidanganyane) tunajua mzigo mwepesi unavyosaidiwa kabla ya kupimwa. Nikachota mchanga konzi mbili, nikaushindilia kwenye kitundu cha tumboni, nikafuta mikono kwenye kanga, roho kwatu.

Kabula alirudi jina lake likiitwa, mwamuzi akaipokea ndege mikononi mwangu, ikapimwa. Waamuzi wakatazamana. Kabula akabonyeza, mapanga yakazunguka, ndege ikaruka kama chura, ikalala ubavu huku ikitema mchanga kwenye suti ya mgeni rasmi! Machozi yakamlengalenga mtoto, mwamuzi keshashika kalamu amkate, ikabidi nisimame: "Mwacheni, mchanga ni wangu! Nilidhani kizito ndicho kinashinda, kama pamba!"

Karani wa mzani wa pamba wa kijijini kwetu, ambaye naye alikuja kushangaa, akapiga kofi: "Kumbe ni wewe, mayu, mama yetu! Miaka yote namshuku jirani yako!"

Uwanja mzima ukacheka, na mgeni rasmi naye, huku anajikung'uta. Wakamwaga mchanga, wakapima upya, ndege ikapaa juu ya turubai ikatua kwa adabu, Kabula akashinda.

"Bibi, jiandae," akaniambia tukirudi, "Dodoma tunakwenda wote, utanishikia ndege."

"Siendi, mikono yangu siiamini."

"Jamani, Bibi, kwa ajili yangu!"

"Siendi, mikono yangu siiamini."