Matone Chini ya Landrova

Juzi, huko Nzega, nilimkuta fundi akiirudishia Landrova kuukuu vipuri vyake vya asili. Harufu ya mafuta ya breki ikanirudisha uani kwetu Tabora, mchana mmoja nilipokuwa na miaka saba.

Baba alikuwa na gari kama lile, na hakutaka liguswe na kipuri kigeni. Raba za breki zilipochoka, alizisugua kwa msasa akazirudisha.

"Nunua mpya, Baba Zuhura," mama alimsihi. "Njia ya Ipole si ya mchezo."

"Hizi ndizo lilizozaliwa nazo," baba alijibu, akicheka.

Gari hilo ndilo lililobeba asali yetu kutoka Ipole. Kwa hiyo nilipoona matone ya rangi ya dhahabu chini ya gurudumu, nilijua ni asali imevuja. Mama alichukia sisimizi, nami nikaogopa kugombezwa, nikayafukia upesi kwa mchanga. Nilishangaa tu kwamba hakuna sisimizi hata mmoja aliyesogea.

Baba akatoka na ufunguo.

"Nikuletee nini, mwanangu?"

"Masega."

Gari likanguruma, likaondoka.

Alasiri shangazi aliingia bila kupiga hodi, kanga ikiburuta. Kwenye mteremko wa daraja, gari lilikuwa limekataa kusimama. Tulimzika baba kesho yake.

Mama sasa ni mzee. Kila akimkumbuka husema, "Laiti tungeona hata dalili moja."

"Kweli, mama," humjibu, kisha naendelea kuchambua mchele.