Nilivyoombea Ndengu Katika Hoteli ya Sangat

Leo nimeombea chakula mpaka nikaona aibu kukila.

Nilikuwa mjini Salama na wageni wawili wa kanisa kutoka Mwingi. Nikawapeleka kwa hoteli ya Makalasinga, wale Wahindi wa vilemba, ile inaitwa Sangat, kwa sababu ya chapati na ndengu.

Mgeni mmoja akauliza Sangat ni nini. Mimi huwa sikosi jibu, hata kama sijui. Nikasema ni jina la mungu wao.

Wageni wakaacha kutabasamu, wakaogopa kula chakula cha sanamu.

Ikabidi niombe. Nikafumba macho, nikaomba kwa Kikamba, kwa sauti, Mungu atakase ndengu tulizoagiza na avunje kila sanamu iliyo jikoni.

Kufungua macho, mama mwenye hoteli amesimama hapo na sahani zetu, ameinamisha kichwa.

"Amina," akasema. Kisha, kwa Kikamba kizuri kuliko changu: "Baba, jikoni kuna sufuria tu. Sisi hatuabudu sanamu."

Nikauliza polepole, Sangat ni nini basi.

"Ni watu waliokaa pamoja mbele za Mungu. Babu yangu alikuwa mpishi hekaluni kwetu. Kule kila mtu anakula bure, na haulizwi dini. Alipofungua hoteli akaipa hilo jina."

Akaweka sahani mezani. Zilikuwa moto sana, vidole vyake vimekuwa vyekundu. Alikuwa amezishika akingoja nimalize.

Nyinyi wa kanisani mnajua maombi yangu huwa marefu namna gani. Sasa niambieni, kesho nirudi pale na uso gani?