Kichanga Aliyelazwa Sakafuni

Mwanangu wa tatu alizaliwa mzima, na kilio chake kiliamsha mtaa. Siku chache baadaye nikaona jambo lililonikata maini. Akiwa macho, mapajani mwangu, midomo yake ilikuwa myekundu na miguu ikirusha mateke. Akilala asubuhi, midomo inakuwa ya kijivu na kifua kinakwenda mbio.

Nilimkimbiza kwenye kituo cha afya. Wakamfunga mguuni kile kifaa chenye taa nyekundu kinachosoma oksijeni ya damu bila sindano. Wakampima akiwa macho, wakasubiri alale kwenye meza yao, wakampima tena. Mara zote mbili ilikuwa nzuri. Muuguzi akanieleza kwa upole kwamba kichanga akilala pumzi husitasita, oksijeni hushuka kidogo na kupanda, nisijitie hofu bure. Nilivuka mji wetu wa Goma nikinung'unika hadi nyumbani. Mimi si mtu wa kuona kijivu mahali pasipo na kijivu.

Mama mkwe wangu, mtu wa upande wa Bukavu, ndiye aliyekuwa amechagua mahali pa kumlaza tangu azaliwe. Ardhi ilikuwa imetetemeka mara kadhaa mwaka ule, naye hakutaka kusikia habari ya kichanga kulala juu ya kitanda.

"Akilala chini, ataanguka wapi tena?" aliniuliza.

Mimi ninayebishana hata na muuza makaa nilimkabidhi kigodoro. Nyumba yetu ya mbao imekaa juu ya mawe ya lava, na chumba cha kulala unakishukia kwa ngazi. Akatandika kigodoro kwenye pembe iliyo mbali na kabati, pembeni ya ufa ulioachwa na tetemeko, akaziba dirisha kwa kitenge ili baridi isipite. Alijipongeza kweli kweli.

Mdogo wangu, ambaye huniita yaya kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, ni muuguzi. Asubuhi moja alipotoka zamu alipitia kwetu na kifaa kama kile. Alimpima mtoto mikononi mwangu, kikasoma tisini na saba.

"Quatre-vingt-dix-sept. Iko bien, yaya. Unajisumbua bule."

"Ngoja alale," nikamwambia.

Akalala, tukamweka kwenye kigodoro chake. Namba ikaanza kuteremka. Mdogo wangu akapiga magoti, akaupasha mguu joto kwa viganja, akailaumu mashine. Ikazidi kuteremka.

"Quatre-vingt-deux," alisema, themanini na mbili, akanigeuzia kifaa nione.

Umeme haukuwepo. Mama mkwe akawasha mshumaa, akainama nao ili tuione midomo ya mtoto. Mshumaa ukazimika. Upepo haukuwepo. Akauwasha tena juu ya kitanda, ukawaka vizuri. Akaushusha, na ulipopita usawa wa goti ukazimika.

Hakuna mtu wa Goma asiyejua maana yake. Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini, haina rangi, ni nzito, inatuama mahali pa chini, inazima moto na kuua mbuzi. Kila siku tunawakataza watoto kushuka mashimoni. Na sisi wenyewe tulikuwa tumemtandikia mtoto ndani yake, kwa mapenzi, na kitenge dirishani.

"Mazuku!" mama mkwe alipiga yowe.

Sijui nilipandaje zile ngazi na mtoto kifuani. Nje, mdogo wangu aliushika ule mguu mdogo, namba ikapanda, midomo ikarudi myekundu, na mtoto akatulilia kwa hasira. Mama mkwe alikaa chini kwenye mawe, kisha akaruka kama aliyekalia siafu, na siku ile hakukaa tena.

Kelele zilimleta jirani wa nyumba iliyo chini ya yetu, mwanamke mpole ambaye watu walikuwa wakimkwepa. Mwaka uliotangulia, mtoto wake mchanga alikutwa amekufa asubuhi kwenye mkeka waliolalia wote wawili. Yeye mwenyewe aliamka kichwa kizito, hawezi hata kusimama. Wakwe zake wakasema alilewa, akamlalia mtoto. Na sisi tuliamini. Mimi niliamini.

Mdogo wangu alimsimulia habari ya mshumaa, naye akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamnyooshea mama mkwe mkono.

"Mama, nipe ile buji."

Alichukua mshumaa, akashuka nao kwake, nasi nyuma yake. Aliuwasha mlangoni, akaingia, akaenda moja kwa moja hadi mahali pa ule mkeka, akainama. Mwanga ukafa.

Hakuinuka. Tukamkamata mikono kumvuta nje kabla hewa ile haijamzidi, naye akawa anarudia, si kwetu, bali kwa ile sakafu:

"Sikumulalia. Mutoto wangu, sikukulalia."