Filamu Zisizo na Sauti ya Kaka

Mimi ni mtu wa ndani. Kaka yangu alikuwa akiniita mwali, mimi mwanamume mzima, na akiniona nimefika hata dukani kununua mkate, anapiga vigelegele katikati ya njia: "Jamani, mwali katolewa leo!" Majirani wa Kisugu, hapa Kampala, wanacheka, nami narudi mbio kwenye laptopu yangu, ambako hakuna anayenijua.

Humo ndimo nilimokuwa nikitembea. Wengine hukusanya viatu; mimi nakusanya picha zilizochorwa kwa kompyuta, na muziki wa filamu. Nina picha ya mlima usiokuwepo popote duniani, mvua inaupiga upande mmoja tu. Aliyeichora simjui, hakuweka jina. Nimeitazama mpaka najua alichokea wapi: kule chini kushoto majani yote ni sawasawa, alichora moja akalibandika kila mahali. Nampenda zaidi kwa hilo. Nina nyingine ya jiji lenye taa za zambarau, ambayo Mama aliiona akauliza kama ni kilima cha Mbuya umeme ukirudi.

Lakini muziki ndio ulionimaliza. Ule usioimbwa, unaoingia polepole watu wakiagana, ukakukaba koo kabla hujajua nani anakufa.

Shida ni kwamba mji huu hauiachi filamu iseme yenyewe. Kuna mkalimani. Anakaa na maikrofoni, studio au kwenye kibanda cha video mbele ya watu, filamu inapita, naye anaisema upya kwa lugha ya watu. Anaongeza utani, anawapa wazungu majina ya mtaani, anawashauri, anawatukana. Wengi hufanya kwa Kiganda. Kaka yangu alifanya kwa Kiswahili, kwa ajili yetu Wakongomani, na Wakenya, na askari walioshuka kutoka kambi ya Mbuya siku zao za mapumziko. Kile Kiswahili chetu cha Kampala, ngeli zimemwagika kama maharage. Na kila muziki ulipofika pale pa kunikaba koo, ndipo kaka alipoingia:

"Muone huyu bwege! Mwanamke analia, yeye anatafuta funguo! Dada, achana naye, njoo Kisugu!"

Kibanda kizima kinalipuka. Mimi peke yangu nimenuna kwenye benchi, natafuta vinanda chini ya kelele zake.

Basi nilipopata programu inayotenganisha sauti ya mtu na muziki, niliona Mungu kanikumbuka kwa jina. Unaipa filamu, inakurudishia vipande viwili: huku maneno, huku muziki. Kaka mwenyewe ndiye aliyeniletea filamu zake kwenye flashi, zikiwa zimeshatafsiriwa, maana zile za asili zilibaki studio kwa bosi wake.

"Wewe mwali ni mtu wa ajabu," aliniambia, amesimama mlangoni anakula muhogo wangu. "Unanunua bando ili uninyamazishe. Mke wangu anafanya bure."

"Mkeo hana programu."

"Hana haja nayo. Ana macho."

Tulicheka. Nikaketi nikamtoa kwenye filamu, moja baada ya nyingine. Laptopu yangu ni kuukuu na imejaa siku zote; ukiingiza kitu, sharti utoe kitu. Nilibakiza muziki. Maneno nikayafuta, na filamu zenyewe pia; flashi kaka aliichukua kujazia nyingine.

Kisha figo zilianza kumsumbua kaka. Tuliingia hospitali, tukatoka, tukaingia tena. Safari ya mwisho tulitoka bila yeye.

Siku tulipomaliza matanga, wageni walipokwisha kuondoka, Mama alikuja chumbani kwangu. Alikuwa amenawa uso na kujifunga kitenge upya, kama mtu anayekwenda kupokea mgeni. Akavuta kiti hadi mbele ya laptopu.

"Si wewe ndiye mwenye mashine? Niwekee mwanangu. Aongee kidogo tu."

Nilimtazama Mama. Nina muziki wa filamu za kaka karibu zote, umesafishwa, umepangwa kwa herufi, na ndani yake mwanawe hayumo. Kwenye simu pia hayumo: mtu aliyepata riziki kwa mdomo wake hakuugawa bure, hakutuma ujumbe wa sauti; alituma herufi mbili tatu na picha ya kuku.

"Kesho, Mama," nikasema. "Inataka kutengenezwa."

Akarudisha kiti mahali pake.

Nikatoka kuitafuta sauti yake. Mimi, mwenye kuugua nikifika barabara ya lami. Nilianza na laibrari ya hapo mtaani, lile duka la kujaziwa filamu kwenye flashi, nikakosa, kisha nikapanda boda hadi Kibuli kwenye nyingine iliyokuwa ikiuza sana filamu zake. Mwenye duka aliweka mkono kifuani.

"Za marehemu? Bambi, sebo, maskini bwana, pole sana. Zilitafsiriwa upya tangu alipoanza kuugua. Wateja wanataka sauti mpya, hawakai na ya zamani."

Akanifungulia moja nione. Filamu ile ile, yule bwege na funguo zake, na juu yake sauti ya kijana mwingine, mwepesi, hodari. Watu wawili waliosimama kaunta walicheka. Nilitamani kumchukia yule kijana, lakini kwa kweli alichekesha.

Studio nako walikuwa wamebadilisha mashine, kazi zake za zamani hazikuhamishwa. Bosi alinipa kiti, akanipa soda, akaniuliza kwa upole wa kweli, "Lakini wewe si ndiye mdogo wake? Sisi tulijua nyinyi nyumbani ndio mnazo zote."

Nikainywa ile soda mpaka chini.

Nyumbani nilivaa vifaa vya masikioni nikausikiliza muziki wangu, safari hii natafuta uchafu. Programu ile haisafishi kabisa. Pale kaka alipopaza sauti sana, pamebaki kitu chini ya vinanda, kama mtu anayeongea ndani ya pipa chumba cha tatu. Neno halishikiki. Ila kuna mahali nina hakika anavuta pumzi. Nilirudia pumzi ile mpaka nikaogopa nitaimaliza.

Nikamwita Mama. Nikamwambia ukweli, kwamba maneno ya kaka sina, niliyafuta, kimebaki hiki. Hakuniuliza kwa nini. Alikaa, akafumba macho, nikafungua sauti mpaka spika ikakoroma.

Pumzi ilipita. Mama hakushtuka. Nikarudisha nyuma, ikapita tena, na uso wake ulikuwa vilevile, wa mtu anayengoja. Nikaacha muziki uendelee kwa sababu sikujua la kufanya. Ukafika pale ngoma zinaponyamaza na kubaki kinanda kimoja peke yake, mahali ambapo kaka hakuwahi kusema kitu. Napajua, hapo ndipo alipokuwa akinywa maji.

"Huyo," Mama akasema. Akanishika mkono. "Huyo hapo. Umemsikia?"

Kinanda kiliendelea. Mama alikuwa analia na kutabasamu. Sikujua kama anajidanganya au ananihurumia mimi.

"Nimemsikia, Mama."

"Rudisha," akasema. Nikarudisha.