Piedade na Fomu Isiyojua Kusema Sijui

Piedade, Mgoa wa Mombasa, alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye ghala moja huku ughaibuni, mtaa wa Downsview, akiosha na kuorodhesha mifupa ya wanyama iliyochimbwa kwenye mashamba ya kale. Mimi nilikuwa naingia humo kukimbia baridi.

Zamani kila msomi aliandika mifupa apendavyo, hawakuelewana hata kidogo. Mwaka huu wakakubaliana fomu moja ya kompyuta. Vizuri! Ila mabingwa hao wakasahau kuwa mifupa ya mbuzi na ya kondoo mara nyingi haitofautishiki. Fomu inakulazimisha kuchagua, haina pa kusema sijui.

“Mama, weka kondoo tumalize,” akasema Murad, msimamizi wake.

“Kwani wewe ulimchunga?”

“Nani atajua?”

“Mimi. Na chini pameandikwa jina langu.”

“Basi nitalitoa.”

“Litoe, mwanangu. Na mimi natoka nalo.”

Akavua glavu, akarudi kwake Mount Dennis. Murad akajaza kondoo elfu mbili. Sasa nasikia wasomi wanastaajabu, eti wakulima wale walipenda kondoo ajabu! Shule zote hizo, jamani.