Mwiba wa Tatu

Ngogo ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na mmoja kila ubavu, na sumu yake haifi samaki anapokufa. Mchana hujificha kwenye mapango ya mwamba, usiku hutoka kula, ndipo nyavu humnasa. Bi Mwantumu wa Mbwera huivunja miiba yote kabla hajashika kisu. Miaka arobaini, hajachomwa mtu uani kwake.

Asubuhi hiyo aliiona miwili tu. Akafagia ua, akapekua majivu, akafagia tena.

“Mama, nimtue Sabra? Mikono imeniisha,” aliuliza mkwewe Subira, mtoto akirusha miguu ashuke atambae.

“Mtue kichwani kwangu! Si nimesema bado?”

“Basi tukakae kwa jirani.”

“Ukaseme nini huko? Kwamba Mwantumu kapoteza mwiba?”

Jua likapanda. Mwishowe alivua ndara, akaikusanya kanga magotini, akaanza kuukanyaga mchanga shibiri kwa shibiri. Karibu na kinu akaruka, akaketi kitako, akauchomoa kisiginoni.

“Wa tatu huu hapa,” alisema, jasho likimtoka. “Mtue mtoto. Kisha nichemshie maji nikande mguu.”