Nilishukuru kwa Vijiti vya Mkate

Mama alipofariki niliacha shule, nikawa dada na mzazi wa wadogo zangu. Juzi wazazi wa kijana anayetaka kumwoa mdogo wangu Wambui walitualika hotelini Naivasha. Niliogopa wasije wakasema ametoka nyumba isiyo na mama.

Mezani palikuwa na glasi zilizojaa vijiti vikavu vya mkate. Baba wa kijana akasema kwa fahari, "Hiki ni chakula cha Waitaliano. Inasemekana kilibuniwa zamani kwa mtoto mgonjwa wa mtawala wao."

Nikajua ndicho chakula chenyewe. Nikawahimiza wadogo zangu wamalize, maana kubakiza cha watu ni dharau. Vilipoisha nikasimama, kama mama alivyozoea, nikawashukuru wenyeji kwa kutushibisha, nikaomba sala ndefu ya kufunga na kutakiana safari njema.

Nilipofumbua macho, wahudumu walikuwa nyuma yangu wameshika sinia za nyama na wali, wakingoja niseme amina.

"Keti, siz," Wambui akaninong'oneza, machozi yakimlengalenga. "Hivyo vilikuwa vya kungojea chakula. Mama angeuliza kwanza."